Jembe la Umatengo kwenye Mchanga wa Ziwa

Tangu nimerudi sijamaliza kikombe kimoja cha kahawa bila mtu kuniuliza, "Otmari, hebu tueleze, ilikuwaje huko Nyasa?" Nimeeleza kwenye mashine ya kusaga, nimeeleza nje ya kanisa baada ya misa, nimeeleza kwa jirani nilipokwenda kuazima sumu ya kunguni, mpaka sasa kila mtu ana safari yangu ya kwake. Yupo anayesema nilipigana na mamba. Yupo anayesema nilimzika Shangazi halafu nikamfufua. Ya mamba ni uongo mtupu. Hiyo ya pili ina ukweli kidogo, ndiyo maana nimeona niandike mwenyewe kabla hamjaniongezea mengine.

Nyumbani hadi Mbinga mjini

Mliokuwepo kwenye kikao cha ukoo mnajua nilivyotumwa. Kwa ambao hawakuwepo: Shangazi Gerfrida, mdogo wa mwisho wa marehemu baba yangu, aliolewa Unyasani zamani na mvuvi Muanglikana. Babu alinuna kwa ajili ya hiyo ndoa mpaka akazeeka nayo. Mume alikwisha kufariki, watoto wako mbali, na Shangazi amebaki peke yake mbele ya Chiwanda, kwenye kitongoji wanachokiita Mchangani. Ni mkanda wa mchanga tu. Mbele yake ziwa, nyuma yake maji ya mto yaliyotanda kabla ya kupata njia ya kuingia ziwani. Ukipiga chafya upande wa ziwa, bata wa upande wa mto wanashtuka.

Sasa, ziwa limepanda. Lilipanda na mvua zilizopita, watu wakasema litarudi kama kawaida yake, nalo halikurudi. Nyumba za mstari wa mbele zimekwisha kwenda. Halafu redio ikatangaza kwamba kuna kimbunga kinaelekea Msumbiji, na kwamba mvua kubwa huenda zikatufikia na sisi wa kusini. Ukoo ukakaa, ukasema Shangazi aletwe Mbinga haraka, apende asipende. "Mkataa kwao ni mtumwa," akasema kaka yangu, kama kwamba ni yeye atakayekwenda kumwambia. Nikachaguliwa mimi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi na Shangazi tuna ubishi unaofanana, kwa hiyo tutachoshana mpaka mmoja akubali.

Nilifungasha maharage, kahawa, na nikavaa koti langu jeusi la harusi, maana huko ni kwa wakwe na siwezi kufika kama mtu aliyetoka kuchuma. Juu ya mzigo nikafunga jembe.

"Jembe la nini?" akauliza mke wangu, Mama Devota.

"La kumkinga Shangazi na maji, kama akikataa kuondoka mara moja."

"Utayakinga maji ya ziwa kwa jembe?"

Nikamwambia babu zetu Wamatengo waliishi kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaishika kwa kwato zote nne, na mvua haikuwahi kuwabebea udongo, kwa sababu ya ngolo. Mnazijua wenyewe: unalaza majani kwa mraba, unafukia, katikati linabaki shimo, mvua ikija kila shimo linakamata maji yake na shamba linatulia. Kama ngolo inaweza kutuliza mlima, nikasema, mchanga ulio bapa utaishindaje? Mama Devota aliingia jikoni akicheka. Bodaboda akanipokea na jembe langu tukashuka mjini.

Mbinga hadi Mbamba Bay

Pale stendi nilikuta magari madogo yamejaa, nikapata Fuso lililobeba kabichi. Dereva aliniangalia, akaangalia koti jeusi, akaangalia jembe. Akazima redio.

"Unaelekea wapi, mzee?"

"Chiwanda. Kwa shangazi yangu."

"Pole sana, mzee wangu. Panda mbele."

Mimi nikadhani ananipa pole ya safari. Nikashukuru. Mbele kulikuwa na bibi mmoja wa kijiji cha Kingerikiti amepakata kikapu chenye kuku, naye akasogea mpaka akabanana na mlango ili mimi nikae vizuri. "Ndiyo dunia, baba," akaniambia kwa sauti ya chini. Nikamjibu kwamba kweli, ndiyo dunia. Tukaenda hivyo, watu watatu na kuku, kimya kama tuko kwenye novena. Nikawaza, jamani, watu wa barabara hii siku hizi wana adabu.

Tulipoanza kushuka zile kona, ukungu ukaachia na ziwa likaonekana chini, kubwa, halina mwisho. Na hapohapo tukasimama, maana kingo ya mlima ilikuwa imeporomoka ikalala barabarani, udongo mwekundu na migomba yake imesimama wima juu yake kama vile imehamishwa kwa utaratibu. Magari yalikuwa yamepangana. Tukasubiri greda. Bibi akatoa ndizi za kuchoma kwenye majani, akanipa kubwa kuliko zote, nami nikachangamka kwa furaha nikaanza kumsimulia habari za kahawa yangu ilivyochanua. Alinitazama kwa huruma sana.

"Lia tu, baba," akasema. "Usijikaze kwa maneno."

Nilie nini tena? Kabla sijauliza, dereva alikuwa ameshuka na kwenda mbele kuzungumza na wenzake, nikaona watu wanageuka kututazama. Greda lilipofungua upande mmoja, magari yote yakatupisha. Fuso la kabichi likapita mbele ya gari la serikali! Wanaume wakavua kofia. Hapo ndipo nilipotazama jembe langu kupitia kioo cha nyuma, nikatazama koti langu, nikaelewa. Watu hawa wanadhani naenda kuchimba kaburi.

Ningesema. Nawaambia ukweli, nilifungua mdomo niseme. Lakini bibi alikuwa amekwisha kunishika mkono anasali, na mtu unamkatizaje bibi anayemwombea shangazi yako? Nikasema "Amina".

Mbamba Bay

Pale Mbamba Bay nilikuta ziwa limeingia mahali nilipokuwa nakumbuka watu wakicheza mpira. Goli moja lilikuwa majini, ndege ameketi juu yake. Mpaka hapo nilikuwa naichukulia safari hii kama matembezi ya kubishana na Shangazi, lakini kumbe ziwa lilikuwa limeanza kazi yake hata mahali penye watu na maduka.

Dereva alikuwa amenikabidhi kwa mama mmoja muuza chakula pwani, kwa maneno ambayo sikuyasikia ila niliyajua. Mama akaniwekea ugali wa muhogo na kipande cha mbasa ambacho kwa samaki wa ziwa lile ndicho kama kidari cha ng'ombe. Kama hamjala ugali wa muhogo, unavutika, unakushika, ukishauzoea huwezi kuuacha na usipouzoea nao hauwezi kukuacha. Nilikula, nikaongezewa. Nilipotoa mfuko wangu mama akakataa katakata.

"Mfiwa halipi kwangu," akasema. "Marehemu alikuwa nani?"

Sasa hapo nikaona imefika mahali pa dhambi. "Mama, hakuna marehemu. Shangazi yangu Gerfrida wa Mchangani yuko hai, naenda kumchukua aje Mbinga."

Mama akaweka mwiko chini. "Gerfrida? Anayeanika dagaa wa usipa? Mama Gerfrida wa ringi?"

"Sijui habari za ringi. Ila ni huyo wa usipa."

"Mungu wangu, na mimi nimekwisha kuwapigia simu!"

Alikuwa amempigia mdogo wake aliyeolewa hukohuko Chiwanda, kumweleza kwamba kuna Mmatengo anakuja kumzika shangazi yake. Tukampigia tena kukanusha, simu haikushika. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, nami nikalipa chakula changu kama watu wengine.

Majini hadi Chiwanda

Barabara ya kusini ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo ikabidi boti. Mnajua mimi na maji. Mimi ni mtu wa kunawa. Nilipanda boti la mbao lenye injini nikakaa katikati kabisa, nimekumbatia jembe, nalo lingenizamisha haraka kuliko kitu chochote mle ndani.

Mwendeshaji alikuwa mcheshi. "Huyu Mmatengo amekuja na nanga yake," akawaambia wenzake, na boti zima likacheka. Nikamjibu kwamba wao Wanyasa wangekuwa na jembe mwaka mzima wasingekuwa wanakuja kwetu kuomba mahindi. Wakashangilia. Utani ulinisaidia kwa kitambo, mpaka tulipopita mahali ambapo aliacha kucheka akaonyesha majini kwa kidevu. Chini ya boti, maji yakiwa safi kama ya kisima, kulikuwa na sakafu ya saruji na ngazi mbili za mlango. "Hapo tulikuwa tunanunua chumvi," akasema.

Mchangani

Tulipokaribia niliona watu wengi ufukweni, wanawake wamejifunga khanga viunoni, wengine wanalia. Mbele yao wote alisimama mwanamke mfupi, mkavu, mikono kiunoni. Alikuwa Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimeambiwa nimekufa."

"Shangazi, nisikilize, ni koti tu…"

"Nimeambiwa nimekufa, na wewe umekuja na jembe la kunizika. Watu wametoka mashambani kwa ajili ya msiba wangu. Huyu hapa ameleta unga. Niwaambie nini?"

"Waambie umefufuka," akasema mwanamume mmoja pembeni, na kicheko kikaanza kwake kikasambaa mpaka kwa waliokuwa wanalia. Huyo ndiye Aidani, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Unga haukurudi ulikotoka. Tukapikiwa wote, tukala msiba wa mtu aliye hai, na mwenye msiba mwenyewe ndiye aliyekuwa anagawa mboga.

Baada ya kula nikatoa ujumbe wa ukoo. Shangazi akanisikiliza hadi mwisho, jambo lililonitia hofu.

"Otmari, niliondoka kwenu msichana. Nirudi leo nikawekwe chumba cha uani, niletewe uji kama mgonjwa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe naona jembe umekwisha kuja nalo."

"Kimbunga, Shangazi. Redio imesema."

"Nimesikia. Lakini nikiondoka, nani atagonga ringi?"

Akanionyesha. Kwenye kona ya kikanisa chao cha matete ilining'inia ringi ya gurudumu la lori, na nondo pembeni. Shangazi ndiye huamka wa kwanza kwenda kugeuza usipa kwenye vichanja, kwa hiyo ndiye anayeona maji yakisogea. Yakisogea, anagonga, watu wanatoka. Mstari wa mbele wa nyumba ulipokwenda, hakuna hata mtoto aliyepotea, kwa sababu ya mkono wake ule mkavu.

Nikamgeukia Mwenyekiti. Je, si wahame wote? Ng'ambo ya maji ya mto kuna mwinuko wenye shule, na nilikuwa nimesikia viwanja vimekwisha kupimwa huko.

"Vimepimwa," akasema Aidani. "Vigingi vimeliwa na mchwa tukiwa bado tunajadiliana. Lakini watu wanasema, Mama Gerfrida akikaa, hatari haijafika. Akihama yeye, tutahama."

"Na mimi," akasema Shangazi, "nitahama wao wakihama. Siwezi kuwaacha."

Jamani! Nilisimama nikawauliza: "Nyinyi mnamsubiri yeye, yeye anawasubiri nyinyi, na maji yanamsubiri nani?" Nilidhani nimesema neno la kuwahamisha siku hiyohiyo. Walitingisha vichwa kwa heshima, wakasema mgeni anajua kusema, wakaenda zao kushona nyavu.

Ngolo

Nilipoamka kesho yake nikaenda kuangalia nyumba ya Shangazi. Ukuta wa udongo, bati, jiko la nje upande wa mto, na kutoka jikoni hadi maji ya nyuma ni hatua za mtoto. Nikasema sawa, wamekataa maneno, nitawaonyesha kazi. Nilikata matete nikayalaza kwa mraba vizuri, mstari mzima nyuma ya jiko, maana mto ukifurika utatokea upande ule. Watu wakaanza kukusanyika. Mchangani hakuna mtu anayechimba, mnaelewa? Mashamba yao ya muhogo yako ng'ambo. Pale juu ya mchanga wanaishi, wanaanika, wanashona, wanatazama ziwa. Mtu mwenye jembe pale ni sinema.

"Huyu anatafuta nini?" akauliza mmoja.

"Anatafuta Mbinga," akajibu mwingine.

Shangazi akatoka na sufuria yake, akasimama. "Otmari, kwetu majani analaza mwanamume, kuchimba na kufukia ni kwa wanawake. Nani amekufundisha?"

"Mama Devota akiugua mgongo nachimba mimi."

"Basi chimba. Nitacheka nikishamaliza kupika."

Nikachimba. Mchanga ni mwepesi, haukutaka nguvu, ukachekelea jembe na kurudi shimoni. Shimo la kwanza lilifika chini kidogo ya goti, nikaliacha nikaenda la pili. Niliporudi la kwanza nikakuta maji. Nikakasirika. Nikawatazama wale watazamaji, nikasema, "Nani amemwaga maji kwenye shimo langu? Huu utani sasa umezidi!" Walikana. Nikayateka kwa kopo nikayamwaga mbali, kisha nikasimama palepale kulinda, jembe begani.

Maji yakarudi. Hayakutoka juu. Yalitoka chini, kimya, pande zote za shimo mara moja, mchanga unatoa povu dogo kama unga wa uji unapoanza kuchemka. Shimo la pili likafanya hivyohivyo. Hapakuwa na wingu. Hapakuwa na upepo. Ziwa lilikuwa limelala kwa amani kabisa, na ngolo zangu zilikuwa zinajaa.

Watu wakaanza kucheka, Mmatengo amechimba visima! Aidani mwenyewe alicheka. Nikacheka na mimi kwa aibu, nikamtazama Shangazi nijue kama amefurahi. Yeye hakuwa anacheka. Sufuria ilikuwa imemlemea mkononi.

"Njoo uchimbe jikoni," akasema.

"Jikoni, Shangazi?"

"Jikoni. Karibu na mafiga."

Moto ulikuwa bado unawaka. Nikachimba pembeni ya mafiga, kwa kunyenyekea, maana jikoni kwa mtu si mahali pa jembe. Mchanga wa juu ulikuwa wa moto na mkavu. Ukafuata wa baridi. Kabla jembe halijazama lote, mchanga ukawa mweusi, ukalegea, na maji yakachungulia. Shangazi akachuchumaa akatia mkono, ukaingia mpaka kwenye kiwiko tu. Alikaa hivyo kwa muda, mkono mmoja majini na uso umeangazwa na moto.

"Tulipojenga hapa," akasema, "marehemu alichimba shimo la nguzo hii mpaka likammeza kiunoni. Lilikuwa kavu. Nilikaa juu ya ukingo nikimwambia atosheke."

Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Nasema wazi, niliogopa. Nilikuwa nimekuja kuogopa maji ya mbele na maji ya nyuma, kumbe tulikuwa tumelala juu yake, tumepika juu yake, na usiku uliopita nilikuwa nimetandika mkeka wangu juu yake nikakoroma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Aidani polepole.

Shangazi alijifuta mkono kwenye khanga. Akazima moto kwa maji yaleyale ya shimoni, akatoka, akaelekea kanisani, akachukua nondo. Akagonga ringi.

Aligonga jua likiwa kali, ziwa likiwa limetulia, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Watu wakatoka kila upande wamebeba watoto, wanatazama ziwa, hawaoni kitu. "Maji yako wapi, Mama Gerfrida? Yako wapi?" Akawaambia wapange mstari, waingie jikoni kwake mmojammoja na kutazama. Wakaingia, wakatoka. Mama mmoja alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, akarudi kuazima jembe langu. Halafu akaja mwingine. Mpaka jua la utosi jembe la Umatengo lilikuwa limechimba nyumba zote za Mchangani, na kila mahali jibu lilikuwa lilelile.

"Sasa," Shangazi akawaambia, "mmeniona nikihama. Haya, bebeni."

Kuhama

Sijawahi kufanya kazi kama ile, hata wakati wa mavuno ya kahawa. Tulivua mabati, tukang'oa milango, tukafungua vichanja vya usipa fito kwa fito, tukavusha vyote kwa mitumbwi hadi kwenye mwinuko wa shule. Mimi walinikataza kupiga kasia baada ya kuzungusha mtumbwi mahali pamoja hadi kondoo tuliyembeba akatapika. Wakanipa kazi ya kubeba. Nikabeba kabati la Shangazi mgongoni, nikateleza ukingoni, nikaingia mzimamzima kwenye maji ya mto pamoja na kabati. Yalinifika kifuani. Nilipiga kelele zote nilizonazo. Aidani akanishika ukosi akaniambia, "Simama tu, baba," nami nikasimama. Hapo ndipo ilipozaliwa habari ya mamba, kama mnataka kujua.

Shangazi alivuka wa mwisho, amekaa mbele ya mtumbwi na ringi imelala mapajani. Hakutazama nyuma mpaka tulipofika. Kisha akatazama, akalia, na wanawake wakamwacha alie mpaka akatosheka. Walipofungua mikeka, ringi ilikuwa ya kwanza kutundikwa.

Nilimwambia kazi imekwisha, sasa twende Mbinga. Akaniangalia kama vile sijaelewa lolote tangu nishuke kwenye boti. "Nimehama, Otmari. Ukoo ulitaka nihame. Waambie nimehama." Nikabishana hadi sauti ikakauka. Ukoo ulikosea, watu wawili wenye ubishi hawachoshani. Akanifungia usipa mfuko mzima, akanipa mkono. Jembe aliliweka nyuma ya mlango wake mpya na sikuthubutu kuliulizia.

Kurudi

Nilirudi polepole kuliko nilivyokwenda, maana bila jembe hakuna aliyenipisha wala kunipa ndizi. Nyumbani kaka akatazama nyuma yangu, akauliza, "Shangazi yuko wapi?" Nikamwonyesha usipa. Mnajua maneno niliyoambiwa.

Halafu mvua zikaja. Mnazikumbuka, hamhitaji mimi niwasimulie: hata huku kwetu ngolo zilijaa mpaka zikamwagika, na migomba ikalala. Redio ikasema kimbunga kimeingia Msumbiji. Nikapiga simu Chiwanda, haikushika. Nikapiga kwa mama wa mbasa, haikushika. Nilikuwa naamka, nakaa kibarazani, namwona Shangazi jikoni na mkono wake majini. Nilikuwa nimemwacha ng'ambo ya mto na mfuko wa maharage. Mama Devota alipika usipa na sikuweza kuula.

Simu ililia niko shambani, mvua imeanza kukatika. Namba nisiyoijua.

"Shikamoo, Shangazi!" Sikungoja hata aseme.

"Marahaba. Mbona unalia? Nani amekuambia nimekufa tena?"

Nikakaa chini palepale kwenye matope. Akanieleza kwa ule ukavu wake. Mto na ziwa vimekutana. Mchanga wote umekwenda, pale ilipokuwa jikoni kwake Aidani amepita na mtumbwi, na kasia halikugusa chini. Aligonga ringi mvua ikinyesha, watu wakakusanyika shuleni, wakaita majina nyumba kwa nyumba, na kila jina likaitika.

"Wote?"

"Wote. Na jembe lako silirudishi. Huku kuna mteremko, nimeanza ngolo. Mwenyekiti analaza majani, mimi nachimba. Huku zinakamata maji vizuri, siyo kama zile zako."

Nikamwambia nitakuja kuziona mvua zikiisha. Nikasikia nyuma yake kuku, watoto, mtu anapigilia bati.

"Njoo," akasema. "Ila lile koti jeusi liache hukohuko."